Nilivyong'oa Viti vya Nyuma

Kama ndiyo kwanza unaanza kunisoma, karibu, na wala usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Mikosi yangu ni ile ile, inabadilisha nguo tu.

Kwa kifupi: ghala nililokuwa karani wake lilifungwa. Kabla sijamaliza kuhuzunika, mama yangu akateleza bafuni kwake, akavunjika mguu, nikamleta kwangu. Binti yetu yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani tukabaki watatu: mimi, mke wangu na Bi Mkubwa. Na wote watatu tulikuwa tunakula kwa mikono ya mke wangu, aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba moja ya wageni.

Wiki iliyopita niliishia pale meneja wa hoteli kubwa alipomwita mke wangu akamwambia, "Mama, kuanzia sasa nataka ufue ya kwangu yote." Wengi mlidhani nimenusurika. Hata mimi nilidhani.

Sharti lilikuwa moja. Mashuka, taulo na foronya, vyote vifike kwa mkupuo mmoja, asubuhi, kabla wageni wapya hawajaingia vyumbani. Meneja hakutaka gari liingie na kutoka getini kwake kama siafu.

"Tutaweza?" mke wangu aliniuliza.

"Kwa gari lile? Tutashindwaje?"

Gari lile ndilo kitu pekee kilichosalia tangu enzi zangu za mshahara. Ni gari kubwa, limenyanyuka juu, lina magurudumu manene. Katikati lina kiti kirefu cha watu watatu, na kule mwisho viwili vidogo vya kukunja. Nilipokuwa na kazi lilinipa heshima mtaani. Siku hizi lilikuwa linakunywa mafuta tu na kunitazama.

Tukalipakia kwa majaribio. Sasa, ndugu msomaji, shuka chafu halina shida, unalisindilia hata kwa goti. Lakini lililopigwa pasi ni mgeni mheshimiwa. Linataka kulala, tena lisiguswe. Tukapanga, tukapangua, tukapanga tena. Nusu ya mzigo ikabaki barazani.

Mke wangu akaliangalia gari, akaniangalia na mimi.

"Vile viti vya nyuma ni vya nini?"

"Vya kukalia."

"Anakalia nani?"

Binti yuko bweni, marafiki walitoweka siku ileile ghala lilipofungwa. "Basi vitoe," akasema, na mimi nikaona hiyo ndiyo akili. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa chini akafikiri sawasawa kesho yake nani atapanda wapi.

Fundi wetu tunamwita Polepole, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Lakini siku hiyo alikuwa na haraka. Alifunua zulia, akakuta bolti za viti zimeliwa na kutu mpaka hazijulikani ni bolti au mizizi. Akajaribu spana. Akaiweka chini, akachukua nyundo. Nikasikia ta. Halafu ta nyingine.

"Nini hiyo?"

"Kutu tu, bosi. Polepole."

Viti vikatoka. Akatandika ubao wa plaiwudi sakafuni, akafagia, akanikaribisha nitazame. Kulikuwa na nafasi ya kuchezea mpira humo ndani.

Kile kiti kirefu tukakiweka sebuleni, maana kochi letu tulikwishaliuza ghala lilipofungwa. Bi Mkubwa alikipenda mara moja. Akawa anakaa pale na mguu wake kaunyoosha, anasikiliza taarifa ya habari, na mkanda kaufunga. Nilimuuliza wa nini mkanda. Akasema habari za siku hizi zinarusha.

Asubuhi ya kwanza mzigo wote ukaingia. Mke wangu alisimama nyuma ya gari akiyatazama mashuka yake yamelala safu kwa safu mpaka karibu na dari, na nilimwona akitabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu ghala lifungwe.

Ndipo Bi Mkubwa akatoka na magongo yake. Hospitali anakofanyia mazoezi ya mguu iko njia moja na hoteli, na tulikubaliana nitakuwa nampitisha. Mimi, mtoto niliyelelewa, nikakimbia nikamfungulia mlango wa mbele. Akaingia. Nikamfungia.

Mke wangu akabaki amesimama.

Na yeye lazima aende. Mama mkuu wa vyumba pale hotelini hapokei mzigo ila kwa mkono wa mke wangu. Mimi shuka la kitanda kikubwa na pazia la dirisha naviona ndugu wa baba mmoja.

"Na mimi?" akauliza.

"Ingia nyuma kidogo," nikamwambia. "Si mbali."

Akanitazama. Halafu akapanda. Akakaa juu ya plaiwudi katikati ya minara miwili ya mashuka, magoti yamegusa kidevu, mikono kaitanua kulia na kushoto ili mzigo usimwangukie kwenye kona. Kila nilipokanyaga breki nilisikia akivuta pumzi. Bi Mkubwa mbele alikuwa anatazama barabara.

Siku zikaenda hivyo. Hakulalamika. Na mimi, mtu wa kupenda amani, asiyelalamika huwa namhesabu ameridhika.

Mpaka asubuhi ile meneja alipokuwepo uani.

Alikuwa amesimama na wahudumu wake na mlinzi wa geti. Nilikwishamshusha Bi Mkubwa kule hospitali, mke wangu akabaki nyuma kuushikilia mzigo, nikaingia hotelini, nikaegesha. Meneja akataka kuonyesha watu wake mzigo unavyopangwa. Akaja mwenyewe kufungua mlango wa nyuma.

Akamkuta mke wangu kachutama, foronya moja imemwangukia kichwani.

"Hee," akasema meneja. "Na huyu naye ni wa kufuliwa, au ameshapigwa pasi?"

Wakacheka. Wahudumu walicheka, mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta.

Na mimi nikacheka.

Nisijitetee sana. Yule ndiye aliyetupa kazi, na mtu akishika mkate wako, mzaha wake unakuwa mtamu hata ukiwa na shubiri. Lakini nilicheka, tena kwa sauti.

Mke wangu akatoa foronya kichwani, akaikunja, akairudisha mahali pake. Akashuka. Akaunyoosha mgongo kidogo kidogo, akashusha mzigo wote, akamkabidhi mama mkuu wa vyumba bila kukosea hata taulo moja. Wakati wa kurudi kiti cha mbele kilikuwa wazi. Hakukaa. Alirudi kulekule nyuma, kwenye sakafu tupu.

Alasiri yake nilimkuta chumbani anafunga begi.

"Nakwenda kwa dada."

"Ni kwa sababu ya Mama? Nitazungumza naye."

"Mama hana kosa. Ana mguu, kiti ni chake. Wewe ulicheka."

"Nilicheka kidogo."

"Nilikuwa nakutazama wewe," akasema. "Yule wala sikumtazama. Nilikuwa nangoja utasema nini."

Nikatafuta pa kujishikia. "Lakini kutoa viti ni wazo lako."

"Nilisema tutoe viti. Sikusema tutoe watu."

Akachukua begi, akamuaga Bi Mkubwa vizuri kabisa, akaondoka kwa miguu kwenda kwa dada yake, mtaa wa pili nyuma ya soko. Hotelini hawakuwa na mzigo wa kutuma mpaka wiki ianze upya. Nilijua nina mwisho wa juma mmoja tu wa kumrudisha. Akikosekana yeye, kazi imekwisha, maana hata ile mashine ya kufulia sijui inawashwa wapi. Lakini nisiwadanganye kwamba nilikuwa nafikiria mashine. Nyumba ilinishinda kukaa. Nilimkumbuka mke wangu, na nilijionea aibu kwa sauti ya kicheko changu, ambayo ilikuwa haijanitoka masikioni.

Bi Mkubwa alinisubiri niingie sebuleni.

"Mwenzako kaenda wapi?"

"Kwa dada yake."

"Kisa?"

"Kiti, Mama." Nikamweleza.

Akafungua mkanda wake. "Kiti kipi? Kile cha mbele? Kile kinachoniua?"

"Kinakuua?"

"Pale mbele goti limekunjwa kama la panzi mpaka tufike. Yule kijana wa mazoezi ananiuliza kila siku, mama, huu mguu unaukunjia wapi, mbona haunyooki? Kaniambia niunyooshe. Niunyooshee wapi, kwenye injini?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Mwanangu unanifungulia mlango mbele ya mkeo, mbele ya majirani, nianze kusema sitaki? Wangesema hukulelewa."

"Kwa hiyo wewe ungekaa nyuma?"

"Ungenitupia kigodoro kule nyuma ningelala, nikanyoosha mguu wangu, nikafika nimepumzika. Yule binti wa watu angekaa mbele na heshima zake. Nilidhani ninyi ndio mliopanga."

Nikakaa chini. Sikujua nicheke au nilie, na kucheka ndiko kulikonifikisha pale.

"Nenda kamwambie," akasema Mama.

"Maneno hayatoshi, Mama. Amedhalilishwa. Nataka akirudi akute viti vyake vimerudi mahali pake. Aone kwa macho."

"Maneno hujayajaribu."

Hapo ndipo nilipopaswa kumsikiliza. Mama zetu husema mara moja tu, halafu hukaa kusubiri uumie.

Nikaenda kwa Polepole. Nikamwambia nataka viti virudi.

Akajikuna shingo. "Virudi vipi?"

"Kama vilivyokuwa."

"Bosi, zile bolti zilikatikia ndani. Huko chini hakuna pa kufungia. Mpaka nichimbe sakafu, nichomelee mpya."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniambia nitoe. Ungeniambia nitoe kwa kurudisha, ningetoa kwa kurudisha."

"Kuna tofauti?"

"Kubwa sana. Kutoa ni nyundo. Kutoa kwa kurudisha ni mafuta, subira na maombi." Akalizunguka gari langu. "Nitakufanyia. Lete asubuhi wiki ikianza, uniachie."

Nikakubali. Njiani ndipo akili ikanijia kwamba viti vikirudi, mzigo wa hoteli hauingii. Viti na mashuka havikai pamoja, ndiyo maana tulivitoa. Ilikuwa lazima nichague kimoja.

Nikamchagua mke wangu. Nani angeweza kunilaumu? Nilijiona mwanaume kuliko wanaume wote wa mtaa ule. Niligeuza gari palepale nikaenda moja kwa moja hotelini. Nikamkuta meneja ofisini kwake, anakata kucha.

"Mzigo wa wiki ijayo hatuchukui," nikamwambia. "Wala wa wiki inayofuata."

"Mkeo anaumwa?"

"Mke wangu mzima. Kazi yako hatuitaki. Na siku nyingine usifanye mzaha na mke wa mtu."

Akanitazama kama anayejaribu kukumbuka alikwishaniona wapi. "Mzaha upi?"

Hata hakukumbuka. Hilo liliniuma kuliko mzaha wenyewe. Nikamweleza. Akasema, "Ah, ile. Mbona hata wewe ulicheka?" Halafu akainua simu. Kulikuwa na mama mwingine aliyekuwa akiimezea mate ile kazi siku nyingi, ana gari la mzigo la mumewe. Nilikuwa bado sijafika mlangoni nikamsikia akisema, "Njoo kesho tuandikiane."

Nikatoka kifua mbele. Nawaambia ukweli, tangu ghala lifungwe sikuwahi kutembea vile.

Nikarudi nyumbani, nikamsimulia Bi Mkubwa.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nataka iwe zawadi, Mama."

Akafunga mkanda wake, akageuza uso upande wa ukuta.

Asubuhi ya wiki mpya nikatoka nimpelekee Polepole gari. Nilikuwa nimepanga likishaingia kwa fundi, nipitie kwa dada wa mke wangu na kumwaga habari njema. Sijafungua hata mlango wa gari, geti likalia. Mke wangu akaingia na begi lake, kavaa viatu vya chini, kitambaa kakifunga kichwani kikazi.

Nikafungua mdomo.

"Nyamaza kwanza," akasema. "Nimekuja na maneno mengi, nisipoyasema sasa yatanitoka. Bado nimekasirika. Lakini dada kaniuliza swali moja tu. Kasema, ile kazi ni ya nani? Nikamwambia yangu. Kasema, sasa mbona aliyekimbia ni wewe?"

"Mke wangu..."

"Sijamaliza. Nimekaa kule nikalifikiria lile gari. Mbele lina viti viwili. Kwa nini tuligombania kimoja?"

"Cha pili si cha dereva?"

"Na mimi ni dereva."

Ni kweli. Kabla sijamwoa alikuwa akiendesha pikapu ya baba yake, ile ya kubebea maziwa, kwenye barabara mbaya kuliko zote nilizowahi kupita. Leseni anayo, na kila ikikaribia kuisha huihuisha. Lakini tangu gari hili lije, ufunguo uliingia mfukoni kwangu ukakaa. Hakuna aliyempokonya, wala hakuna aliyempa.

Bi Mkubwa akajitokeza mlangoni na magongo yake, kigodoro kakibana kwapani. Alikuwa amesikia yote.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi nyuma. Usinibembeleze, nyuma ndiko nitakako. Muulize mumeo, nimeshamweleza habari za goti langu."

Mke wangu akanigeukia, nikatikisa kichwa kukubali. Akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka. Wakatandika kigodoro pamoja juu ya plaiwudi, akampandisha mkwewe taratibu, akamwekea mto mgongoni.

"Mguu unaenea?"

"Mguu umefika kwao."

Halafu akazunguka mbele, akafungua mlango wa dereva, akaketi. Akakivuta kiti karibu na usukani, akarekebisha kioo. Akanionyesha kiti cha pembeni yake.

"Na wewe panda. Kila mtu ana mahali pake."

Nikapanda. Ningefanya nini? Nilikuwa nimesamehewa kabla ya kuomba.

"Kuhusu yule meneja," akaendelea, "leo nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na watu wake wakisikia. Nimeshajua la kumwambia. Nimelirudia mbele ya kioo cha dada mpaka shemeji kaniambia nimwache alale. Lakini kazi siiachi. Nimeitafuta kwa mikono hii miwili. Siwezi kuitupa kwa ajili ya mdomo wa mtu."

Nyuma Bi Mkubwa akakohoa.

"Ufunguo," akasema mke wangu, kiganja wazi.

Nikampa. Akawasha moto, gari likaitika mara moja, na kwangu huwa haliitiki hivyo.

"Mashuka machafu ya leo yatakuwa mengi," akasema, anatazama kioo, anaingiza gia. "Wageni wa mwisho wa juma. Tuwahi, yule mama wa vyumba hapendi kusubiri."

"Mke wangu."

"Eeh."

"Juzi nilikwenda hotelini."

Akanigeukia uso umechangamka. "Ulikwenda? Kumwambia yule?"

"Nilimwambia."

"Bora. Ningejua nisingelala kwa dada." Akanigusa bega, na mkono wake ulikuwa na baridi ya asubuhi. "Ulimwambiaje?"

Nikamtazama Bi Mkubwa kwenye kioo. Alikuwa amefumba macho.

"Mbona hunijibu?" akauliza mke wangu. "Ulimwambia nini?"

Akazima injini ili anisikie vizuri.